Hatua ya Korongo

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na chumba walichokupa hakivuji kama kile cha mwaka jana. Baba hajambo kiasi. Mkono wa kulia bado umelala, na maneno yanamtoka moja moja, tena kwa kuyavuta. Jana alinitazama kitambo kirefu, akasema, "Chumvi." Nikampelekea chumvi, akaisukuma. Mpaka leo sijui alitaka nini.

Asante kwa zile siku nne ulizokaa nasi. Majirani wananisimamisha njiani wananiuliza habari za mwalimu wa chuo cha muziki. Nikiwaambia bado hujathibitishwa, wanasema ni hayo hayo, Fundi Sikio kapata mrithi. Baba akilisikia jina lake hilo la mtaani anatabasamu upande mmoja.

Sasa nina shida nawe. Ulipokuwa unafunga mizigo ulizoa karatasi zote zilizokuwa juu ya piano. Kati ya nota zako lilikuwamo jalada langu la kijani. Ndani mna kurasa kumi na moja za penseli. Usicheke. Ni kitu nimetunga mwenyewe, nimekiita "Bwawa Linaamka". Unalikumbuka bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, pale walipochimba udongo shimo likajaa maji? Miaka minne nimekuwa nikipitia pale asubuhi kabla ya kwenda kuwaimbisha watoto shuleni. Tungo yenyewe haina wimbo wa kupigia mluzi. Kwanza ni ukungu, mkono wa kulia unatembea juu juu na pedali imeshikwa. Halafu maji yanaanza kuonekana. Halafu anakuja korongo mzee anayevua samaki peke yake.

Baba hajui. Nilikuwa nafanya mazoezi akiwa kazini kwa wateja, akiwatengenezea piano zao, maana unamjua: "Ziko nota za waliokufa hazijamalizwa kupigwa, nanyi mnaongeza nyingine!" Lakini nataka kumpigia. Nimetunga kwa ajili yake, ingawa yeye ndiye wa kwanza atakayeicheka. Tena kuna wachapaji wanaopokea tungo mpya mpaka mwisho wa Machi, nami nataka jina langu likae juu ya kitu kimoja kabla sijazeeka. Hata likiwa dogo, mradi liwe la wino.

Nakala sina. Nitumie jalada langu kwa posta, tafadhali.

Dada yako


21 Februari

Shikamoo Dada,

Barua imefika. Jalada la kijani silioni. Nimepekua sanduku mpaka kwenye soksi. Nota zangu zote zipo, lako halimo. Angalia nyuma ya piano, huenda liliangukia huko. Au Baba alifungia nyuzi zake, unajua karatasi ya mtu kwake ni karatasi tu.

Sikujua kama unatunga. Ungeniambia nikiwa hapo.

Huku hali si mbaya, ila wamenibana. Mkuu wa idara anasema hakuna mwalimu atakayethibitishwa bila kuwa na tungo yake mwenyewe ikapigwa mbele ya watu kabla ya mwezi wa sita. Wenzangu wote wana kitu chao. Mimi nina vidole tu, Dada. Nakaa mbele ya karatasi tupu mpaka inaniumiza macho. Nikirudi nyumbani bila kazi, Baba atafanya uso gani? Nawaza hilo kila siku.

Msalimie sana.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Piano nimeisogeza peke yangu, mgongo unanidai mpaka leo. Nyuma yake nimekuta kitana cha marehemu Mama na penseli mbili. Jalada hakuna. Basi nimejilaumu mwenyewe, labda nililiacha shuleni likachukuliwa na wafagizi.

Nimejaribu kuandika upya kwa kukumbuka. Siwezi. Baba anashinda sebuleni kutwa, na macho yake yakiwa juu ya mikono yangu vidole vinakuwa vya mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho wa Machi utapita, na upite.

Kuhusu tungo yako, usijitie presha. Toka nje ukatafute kitu kimoja, ukitazame mpaka ukichoke, kisha urudi tena kesho ukitazame. Mimi sijui njia nyingine. Baba hatafanya uso wowote. Tangu uzaliwe wewe ni kitindamimba wake, hata ukirudi umevaa gunia atakuona umependeza.

Dada yako


17 Juni

Mdogo wangu,

Jumapili tulikuwa tunasikiliza redio, mimi na Baba, na mshonaji wa jirani ambaye hukaa na Baba nikiwa shuleni. Mtangazaji akalitaja jina lako. Nilikuwa nakunja shuka za Baba, nikaziacha chini, nikaongeza sauti. Nilipiga hata kigelegele! Kisha ukaanza kupiga, na ukungu wangu ukatoka kwenye redio.

Nilidhani nimerukwa na akili. Ukungu, maji, halafu korongo. Hukubadilisha hata pale ukurasa wa saba nilipokosea hesabu ya mapigo, umekwenda na kosa langu vile vile. Mshonaji akauliza, "Mbona umekaa chini?" Nikamwambia miguu inauma.

Halafu wakakuhoji. Ukasema umeitunga mwezi wa tatu, dirishani kwako, kwa kulikumbuka bwawa la utotoni. Ukasema ile sauti moja nzito ya chini inayorudi mara tatu ni kengele ya kiwanda. Kiwanda cha matofali hakijawahi kuwa na kengele. Kina filimbi ya mlinzi, nayo haisikiki hata getini.

Nikamtazama Baba. Kila ilipogongwa sauti ile ya chini, alikuwa anainua mkono wake wa kushoto. Mara tatu. Mwisho akasema, "Mwanangu," machozi yakamshuka, na mshonaji akamfuta kwa kanga yake akisema, "Furaha hiyo, mzee, furaha." Mimi nimemwogesha miezi sita, nimemgeuza kitandani, nimemkata kucha. Neno hilo sijalisikia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema hili mara ngapi kwa watoto wa shule bila kulielewa!

Sitaki samahani ndefu. Nataka jina langu juu ya tungo yangu.

Dada yako


2 Julai

Shikamoo Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Una haki ya kukasirika. Lakini nisikilize.

Jalada nililikuta mwishoni mwa Machi, katikati ya kitabu cha mazoezi. Nilitaka kukutumia siku ile ile. Nikakaa nikaipiga mara moja, kwa kuona tu. Mkuu wa idara alikuwa anapita koridoni, akafungua mlango, akasema, "Kumbe unacho kitu!" Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena tuseme ukweli, kwenye karatasi ilikuwa ya penseli. Mimi ndiye niliyeipa uhai. Pale kwenye korongo ulikuwa umeandika nota ya fa ya chini peke yake, na chini yake umeandika "kwa nguvu zote". Nilishangaa, kwa sababu kila kitu pembeni yake ni laini. Nikaitafutia maana, nikaipata, ile kengele. Magazeti mawili yameisifu kengele hiyo kuliko kitu kingine chochote. Wewe hukuwahi kutaka kukaa mbele ya watu. Ulikimbia hata sherehe ya shule!

Wachapaji wanaitoa kitabuni mwezi wa tisa. Nitaweka wakfu kwako, ukurasa wa kwanza, peke yako. Nimethibitishwa kazi, Dada. Ukisema sasa, wataniondoa, na Baba atasikia. Daktari alisema asishtuliwe. Mfikirie yeye.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa kuwa shikamoo haikataliwi.

Nitakueleza habari za ile fa, kwa sababu naona hujui, na kutojua kwako kumeniuma kuliko wizi wenyewe. Kwenye piano ya hapa nyumbani fa ile haina nyundo ya kugonga uzi. Ukibonyeza kibonye kwa nguvu zote unapata "tok" ya mti basi, ndogo, kama mtu kaweka kikombe mezani chumba cha pili. Ndiyo hatua ya korongo. Anashusha mguu kwenye maji na maji hayasemi kitu. Nilitafuta sauti hiyo mwaka mzima kwenye nota nzima nzima, nikaja kuikuta kwenye ile iliyokufa. Nikaandika "kwa nguvu zote" kwa sababu kwa nguvu ndogo hata tok haitoki. Sikufikiria piano nyingine yoyote, kwa kuwa sijawahi kuwa na nyingine.

Na wewe hukumbuki, maana wewe ulifanyia mazoezi shuleni. Ulipokuwa na mtihani ule mkubwa, piano ya shule ikavunjika nyundo, Baba akang'oa yetu akaenda kuitia kule. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimuuliza, na mimi? Akasema atarudisha wiki ijayo. Mganga hajigangi, fundi wa piano za mji mzima ana piano mbovu sebuleni kwake. Nikazoea kupita pembeni ya ile fa, kama unavyopita pembeni ya ngazi iliyovunjika. Kwa hiyo usiniambie umeipa uhai. Umegonga kengele kwenye bwawa na ndege wangu karuka.

Nilikuwa nimeshaandika barua kwa wachapaji na nyingine kwa mkuu wako wa idara. Nilizisoma kwa sauti mbele ya Baba, liwalo na liwe, nimechoka kumficha kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta neno, akavuta, likatoka: "Nyamaza." Nikamwambia, Baba, ni yangu. Akagonga mkono wa kiti: "Nyamaza. Ngoja." Akafumba macho.

Basi amekuchagua wewe. Hata hilo ningelijua. Barua nimezichana. Simvunji neno mzee aliyebakiwa na maneno thelathini, akatumia mawili kunizuia.

Dada yako


14 Julai

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ni siku ya nne. Vumilia mwandiko.

Bwawa si lako. Ni la dada yako. Nimelisikia miaka. Nikitoka kazini mapema nasimama nje ya mlango na mfuko wa vyombo mpaka amalize. Sikuingia. Angeacha.

Fa haina nyundo. Niliitoa mimi kwa ajili yako. Nikasema nitarudisha. Sikurudisha. Yeye akaifanya mguu wa ndege. Mimi ni fundi, sikuwahi kusikia kitu kizuri hivyo kwenye piano mbovu. Wewe ukapiga kengele. Nikainua mkono uache. Ukapiga tena.

Dada yako nimemwambia anyamaze. Si kwa kukutetea. Nataka useme mwenyewe. Kosa lako ukisemewa ni aibu. Ukilisema mwenyewe unaweza kuinuka. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umeshafika mwisho wake.

Mwandikie yeye kwanza. Kisha chuo. Kisha wachapaji, kabla hawajachapa. Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Ukikaa kimya nitasema mimi, kwa mkono huu huu.

Na umwambie kwamba nilikuwa nasikiliza. Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Nikitaka "nilisikia" inatoka "chumvi". Anahangaika, ananiletea chumvi. Kumwandikia siwezi, atakuja kunishikia karatasi, nitalia. Wewe mwambie. Hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Bahasha ataitia posta mshonaji.

Baba


30 Septemba

Mdogo wangu,

Arobaini ya Baba imekwisha leo, na nyumba imerudi kimya. Nilitaka kukuandikia mapema, sikuwa na la kuandika. Alipoanguka tarehe ishirini na mbili Agosti nilikuwa shuleni. Mshonaji anasema asubuhi ile alikuwa ameomba kalamu, akakalishwa mezani, akaandika tarehe, kisha kichwa kikalala juu ya karatasi. Tarehe yenyewe ninayo. Nimeikunja nimeichomeka kwenye meno ya kitana cha Mama.

Ulikuja ukamzika ukaondoka na gari la jioni. Sikulaumu kwa hilo, watu wengi wana kazi. Lakini ulikaa sebuleni kwa muda wa saa tatu, mgongo umeipa piano, na kila nilipoingia na chai ulikuwa unataka kusema kitu halafu unauliza sukari iko wapi. Nilingoja. Nilisema moyoni, leo atanena. Ukanywa vikombe vinne.

Kitabu kimefika. Karatasi nzuri, jina lako limekaa katikati kwa herufi nene. Ukurasa wa kwanza umeandika, "Kwa dada yangu, aliyenifunza kusikiliza." Mwalimu mkuu wetu kauona, kanipongeza mbele ya walimu wote, wakapiga makofi. Nikainama nikashukuru. Ningefanyaje?

Na kifurushi ulichonitumia kimefika pia. Nyundo mpya ya fa, na manyoya yake meupe, na kikaratasi kwamba fundi yeyote ataifunga kwa nusu saa. Nimeirudisha kwa posta hiyo hiyo, utaikuta pamoja na barua hii. Kibonye hicho kikianza kulia, korongo wangu atakuwa hana pa kukanyaga hata hapa nyumbani.

Usiogope. Sitasema kwa mtu. Baba aliniambia ninyamaze, hakuwahi kuniambia nifungue tena mdomo, na sasa hawezi. Ninyi wawili mlikuwa mnaelewana bila mimi tangu zamani, mimi nilikuwa wa kupokea taarifa. Nimekubali. Sikusamehe, ila nimekubali.

Nina swali moja tu, na baada ya hapo sitakusumbua. Mshonaji ananiambia katikati ya mwezi wa saba Baba alimpa bahasha akaipeleke posta. Hakutazama imeandikiwa nani, alikuwa hana miwani. Ni wewe? Kama ni wewe, alisema nini juu yangu? Hata kama ni la kunilaumu nipe, nitalipokea. Tangu azikwe sijafungua piano. Kila kitu kwenye lile bwawa nilimtungia yeye, nami nilichelewa kumpigia, na alipokuja kulisikia alilisikia likiwa lako. Ningejua tu kama aliwahi kusikia hata kipande akajua ni mimi, ningefungua mfuniko kesho asubuhi. Sina lingine ninalolitaka kwako. Jina kaa nalo.

Nijibu ukweli.

Dada


19 Oktoba

Shikamoo Dada,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya wanafunzi. Nyundo nimeipokea. Umefanya haraka kuirudisha, ila ni uamuzi wako.

Nakushukuru kwa moyo wako mkubwa. Damu nzito kuliko maji, nilijua utanielewa mwishowe.

Kuhusu bahasha, hapana. Baba hakuniandikia. Itakuwa ni oda ya nyuzi kwa wale mafundi wenzake, alikuwa hawezi kukaa bila kuagiza nyuzi hata mkono ukiwa umelala. Au mshonaji amechanganya miezi, naye umri umekwenda.

Usijitese kwa mawazo hayo, Dada. Baba alikuwa mtu wa kazi, unamjua. Mambo yetu haya hakuwa akiyasikiliza. Piano kama inakubana sebuleni, iuze tu, mimi sina neno.

Mdogo wako